Sanje Wakati wa Masika: Namna ya Kukisoma Kijito

Wageni wengi huenda Milima ya Udzungwa kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu. Hawakosei, ila huyakuta maporomoko ya Sanje yamekonda. Mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, maji hayo huteremka zaidi ya mita 170 kwa hatua tatu, na mngurumo wake husikika kabla mtu hajayaona. Anayetaka kuyaona yakiwa hivyo akumbuke kwamba kijito anachokifuata njiani nacho kimejaa vivyo hivyo.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, na msitu wake hutembelewa kwa miguu. Makao makuu yako Mang'ula, kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara. Mzunguko wa Sanje uko kaskazini kidogo ya hapo. Mtu hupanda hadi juu ya maporomoko kwa njia moja, akashuka kwa nyingine. Kiangazi huchukua takriban saa nne; masika ni zaidi, kwa hiyo ni busara kuanza asubuhi.

Mvua ya huku asili yake ni Bahari ya Hindi. Upepo wenye unyevu ukifika kwenye ukuta wa mashariki wa milima hulazimika kupanda, ukapoa na kumwaga mvua, sehemu nyingine zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndani ya msitu matone huangukia majani kwanza, yakatiririka kwenye mashina, kisha yakazama katika udongo uliojaa mizizi. Kwa sababu hiyo kijito hakikauki kiangazi, na mvua ya kawaida haikichafui.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mvua ya Novemba, hata ikiwa kubwa, huangukia ardhi yenye kiu, na sehemu kubwa yake hunywewa. Mwishoni mwa Aprili udongo umeshashiba. Mvua ileile sasa haina pa kuingia. Hukimbilia kijitoni, na kwa kuwa mteremko ni mkali, maji hupanda kwa muda mfupi. Aliyevuka mahali fulani bila shida mwezi Novemba asiutumie uzoefu huo kama kipimo.

Kijito chenyewe hutoa taarifa. Maji yaliyokuwa angavu yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, kuna ukingo unaolika huko juu. Majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi, maji yamefika sehemu za kingo ambazo hayakuzigusa kwa siku kadhaa. Kishindo cha mawe yanayogongana chini ya maji ni dalili ya kuondoka mara moja. Kabla ya kukaa kula, inafaa kuchagua jiwe moja kwenye ukingo wa maji na kulitazama kila baada ya dakika chache. Likizama, mapumziko yameisha.

Wala si lazima mvua inyeshe pale mtu alipo. Katika korongo la Hell's Gate, Kenya, mafuriko ya ghafla yaliua vijana 7 wa kundi la kanisa Aprili 2012. Septemba 2019 yakaua tena watu 7, akiwamo mwongozaji wao. Maji hukusanyika katika eneo pana la juu, kisha hubanwa katika njia nyembamba.

Nguvu ya maji nayo haipandi kwa kadiri ambayo macho hukisia. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne. Maji yasiyofika hata magotini, yakiwa na kasi, huweza kumwangusha mtu mzima. Anayelazimika kuvuka hutafuta mahali palipo papana na pasipo na kina, hufungua mkanda wa begi, hushika fimbo na kuelekeza uso yanakotoka maji. Juu ya poromoko havuki kabisa.

Karibu na maporomoko manyunyu hulowesha nguo hata kama hainyeshi, na miamba ina utando wa kijani unaoteleza kuliko matope. Lakini manyunyu hayo pia ni makazi ya viumbe. Ushahidi uko Kihansi, kusini mwa safu hiihii ya milima, ambako mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa manjano asiyetaga, bali huzaa vichanga walio hai. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo ya umeme, na manyunyu yakapungua mno. Mabomba ya kunyunyizia maji yalitandikwa korongoni, lakini ukaja ugonjwa wa ukungu wa ngozi. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini. Waliosalia walizalishwa Marekani, na mwaka 2012 baadhi wakarejeshwa Kihansi.

Sanje nayo ina mnyama wake: mangabe wa Sanje, kima ambaye wanasayansi hawakumtambua hadi 1979, ingawa wenyeji walimjua. Msitu ukiloa ni vigumu kumwona, na sauti yake humezwa na maji.

Kushuka ndiko huchosha magoti. Mizizi iliyolowa ni hatari kuliko mawe, kwa sababu huelekea bondeni na unyayo huifuata. Siafu nao hutoka kwa misafara wakati wa mvua, na suruali iliyochomekwa ndani ya soksi husaidia kuliko dawa yoyote. Miti inapoachia nafasi, bonde la Kilombero huonekana chini na mashamba yake ya miwa. Maji yote ya upande huu huishia Rufiji.