Ritifaa ya ng' katika Msamiati wa Kijaluo Uliowekwa kwenye Kompyuta

Kusudi la makala haya ni kueleza hitilafu moja ya programu za kuhifadhi msamiati, na namna ya kuiondoa. Mfano umechukuliwa katika Kijaluo, lugha ya Kisumu na ufuko wa Ziwa Victoria, maana huko ndiko hitilafu hiyo inakodhihirika zaidi.

Kiswahili na Kijaluo huandika ng' kwa nazali ya kaakaa laini, ili kuitenga na ng iliyo katika ngege, yaani perege. Tofauti hiyo si pambo: katika Kiswahili ngoa ni wivu, na ng'oa ni kutoa kilichopandwa. Lakini neno la Kiswahili halimalizikii kwa sauti hiyo, ilhali la Kijaluo huweza, kama wang', "jicho".

Hapo ndipo penye kasoro. Kanuni ya kawaida ya kukata maneno huiacha ritifaa iliyo baina ya herufi mbili. Iliyo mwishoni huihesabu kuwa alama ya kufunga nukuu, ikaitupa. Ng'ombe hupita salama. Wang' hubaki wang. Kwa hiyo programu iliyojaribiwa kwa Kiswahili peke yake huonekana nzima.

Chanzo cha pili ni wingi wa alama. Unicode ina U+0027, ritifaa ya taipureta. U+2019, iliyopinda, ambayo pia hufunga nukuu. Na U+02BC, ambayo huhesabiwa kuwa herufi. Machoni zinafanana, bali kwa mashine ni vitu vitatu. Neno lililoandikwa kwa moja huenda lisipatikane kwa nyingine.

Uchunguzi ufuate hatua. Kwanza, nakala ya asili ihifadhiwe bila kuguswa. Pili, usomwe msimbo wa kila ritifaa, si umbo lake. Tatu, kila ritifaa iliyo sehemu ya ng' igeuzwe U+02BC, katika faili na katika neno linalotafutwa pia. Penye shaka ya nukuu, mjuzi wa lugha ndiye aamue, si mashine. Mwisho, yatafutwe maneno ya majaribio: ng'ut, "shingo", ambalo sauti hiyo iko mwanzoni, ang'wen, "nne", iko katikati, na wang', iko mwishoni.

Hapana shaka kazi hii ni ndogo. Lakini neno lililonakiliwa kwa mzee, kisha lisionekane likitafutwa, halina faida kubwa kuliko lile lisilonakiliwa kabisa.