Picha Kumi na Tano kwa Pigo Moja

Ukitoka mjini Kakamega kuelekea Webuye, msitu unakuwa mkono wako wa kulia, na njia ya Buyangu inachepuka huko. Watalii wanapajua kwa kilima na kwa mbega wanaoruka juu ya miti. Mimi nimepazoea kwa ajili ya kinyozi. Juu ya kioo chake ametundika runinga, flashi imechomekwa ubavuni, na miksi ya video inacheza tangu asubuhi, DJ akijitaja jina kila baada ya nyimbo mbili. Anayenyolewa huinua kichwa kila wimbo unapobadilika. Kinyozi humrudisha chini kwa vidole viwili bila kusema neno.

Humo ndimo kijana mmoja alimoniuliza, kwa kujua kwamba mimi ni mhariri wa video: "Mzee, hii kazi ya kuchanganya video ina pesa kweli?" Nilimjibu vibaya siku hiyo, maana nilianza na pesa kabla ya kazi. Leo naanza na kazi.

Miksi ya kawaida huunganisha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine. Mseto, ambao ma-DJ wenyewe wanauita mashapu, ni kitu kingine. Unamtoa mwimbaji kwenye wimbo wake na kumkalisha juu ya ngoma ya mtu mwingine, kisha kwenye skrini unawaonyesha wote wawili kana kwamba walikutana studio moja. Sikio husamehe mengi katika shughuli hii. Jicho halisamehe. Mdomo ukifunguka kabla ya sauti, hata mtoto anayepita dukani atacheka.

Hesabu yake ni hii. Chukua wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika. Kila pigo linachukua sekunde 0.6. Video ya picha 25 kwa sekunde, kipimo cha runinga zetu, inakupa picha 15 kamili kwa kila pigo. Kata kwenye picha ya 15, ya 30, ya 45, na mtazamaji ataona kama waimbaji wanapokezana kijiti. Sasa leta wimbo wa mapigo 96. Pigo moja linataka picha 15 na zaidi ya nusu, na nusu ya picha haipo. Ukiendelea kukata kila baada ya picha 15, kufikia pigo la 12 tayari unakata katikati ya pigo na pigo. Dawa ni kuukimbiza ule wa 96 mpaka ufike 100, yaani kuuongeza kasi kwa takriban asilimia nne. Lakini ukikimbiza bila kufunga kii, yaani kimo cha sauti, sauti ya mwimbaji inapanda zaidi ya nusu ya hatua ndogo ya muziki, na mwanakwaya yeyote aliyeketi pale atakunja uso.

Zamani kazi hii haikuwezekana kwa mtu wa kawaida. Mwaka 2004 kampuni ya Pioneer ilitoa DVJ-X1, mtambo wa kwanza wa aina yake uliomwezesha DJ kuichezea DVD kama santuri: kuisukuma, kuirudisha, kuikwaruza, picha ikifuata mkono. Baadaye programu kama VirtualDJ na Serato ziliihamishia kazi hiyo ndani ya laptopu, na siku hizi zinatenganisha hata sauti ya mwimbaji na ala zake. Kwetu Kenya, DJ Pinye aliwazoesha watazamaji muziki wa video kupitia The Beat ya NTV, na matatu zenye skrini zikawa kumbi za sinema za wasiolipa kiingilio. Miksi za DJ Kalonje zilisafiri kwa njia hiyo, kutoka flashi hadi flashi, mpaka mashambani ambako yeye mwenyewe huenda hajawahi kufika.

Ninachotaka vijana wa Buyangu waelewe ni kwamba video ile ya kinyozi haikumletea DJ shilingi hata moja. Ni tangazo. DJ anayejitaja jina kila mara hana kiburi, anabandika bango. Mlo wake unatoka kwa atakayempigia simu aje harusini, klabuni au kwenye mkutano wa siasa. Anayejifunza ufundi akidhani kwamba video yenyewe ndiyo bidhaa atachoka mapema.

Hata mtandaoni bango hilo halidumu. Tangu 2007 YouTube ina mfumo wa Content ID unaolinganisha kila video inayopakiwa na kazi zilizosajiliwa. Mwenye wimbo akitambuliwa, ana hiari tatu: aizuie video, achukue mapato ya matangazo yake, au aiache huku akiifuatilia. Hayo ni madai tu. Onyo la hakimiliki ndilo zito zaidi; maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli nzima, pamoja na video ulizorekodi mwenyewe. Na usijidanganye na leseni ya kucheza muziki hadharani inayotolewa na vyama vya kukusanya mirabaha. Hiyo inahusu kuucheza wimbo mbele ya watu. Kuukata na kuugeuza ni haki nyingine, nayo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 imemwachia mwenye kazi. Mtayarishaji wa muziki Danger Mouse alionja hayo Marekani mwaka 2004 alipounganisha sauti ya Jay-Z na muziki wa Beatles: kampuni ya EMI ilimtaka akome kusambaza, na jina lake likakua kwa sababu ya ugomvi huo. Bahati ya namna hiyo usiiwekee bajeti.

Huku kwetu wengi hujifunzia kazi kwenye disko matanga. Naijua shule hiyo. Jenereta, spika mbili, laptopu juu ya meza ya kukopa, na michango ya mazishi ikikusanywa usiku kucha. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi kwa sababu ya yanayowapata watoto wa shule gizani, na mimi siitetei. Ni shule mbaya iliyofunza mafundi wazuri.

Mimi mwenyewe niliaibikia harusini, mchana kweupe. Sauti niliitoa kwenye laptopu moja kwa moja hadi amplifaya, picha nikaipitisha kwa waya wa HDMI hadi runinga kubwa ya kukodi. Nyumbani kila kitu kilikuwa sawa. Pale hemani midomo ilichelewa, si sana, kiasi cha kumfanya bibi harusi ageuke aniangalie. Runinga za kisasa huipiga picha pasi kabla ya kuionyesha, na sauti iliyopita njia ya mkato haiingoji. Suluhisho ni kuweka runinga katika hali ya michezo ya kompyuta, au kuichelewesha sauti kidogo ndani ya programu. Nililijua wiki iliyofuata.

Sasa nije kwa lile ambalo Nairobi haina. Densi ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa huku kwetu iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe la swala na njuga za chuma. Kwa DJ ni mtihani hasa. Programu nyingi hudhani kila wimbo una mwendo mmoja, lakini wapiga isukuti huongeza kasi wachezaji wakipamba moto. Tena mapigo yake mara nyingi hugawika kwa tatu, ilhali ya muziki wa Gengetone hugawika kwa mbili. Itabidi uweke alama za mapigo kwa mkono, kila baada ya sekunde chache, ukisikiliza ngoma kubwa na kuipuuza ndogo. Ni kazi ya siku nzima kwa dakika tatu. Ikikaa sawa, hakuna kitufe cha mtu mwingine kitakachoiiga. Hata bendi ya Abana ba Nasery ilikwaruza chupa ya Fanta ikapata mdundo wa muziki wa omutibo. Chupa tu ilitosha.

Rekodi basi, usinyakue. Kumbuka tu kwamba kupiga filamu ya biashara ndani ya hifadhi ya msitu kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, hata kama wewe ni mzaliwa wa pale langoni. Kikundi ukilipe, mkubaliane kwa maandishi. Kabla ya kuwasha kamera, waulize wapiga ngoma wote watatu majina yao, uyaandike kama wao wanavyoyaandika, na uyaweke mwanzoni mwa video. Ukiyaweka mwishoni, DJ mwingine atayakata.