Kwa Nini Choa Humshika Mmoja Kuliko Ndugu Zake?

Msomaji, fikiri nyumba moja hapa Uvira. Watoto watano hulala mkeka mmoja na kunyolewa kwa wembe mmoja. Wote hupata choa kichwani. Wanne wanapona, wa tano anazidi mwaka hata mwaka. Ndipo majirani huanza kunong'ona, na mara nyingi anayetajwa ni bibi mzee wa nyumba ile.

Choa hakiletwi na jicho la mtu. Huletwa na kuvu, kimelea kidogo sana. Kuvu hupenda joto na unyevu, na kando ya Tanganyika vyote viwili vipo, tangu mtumbwi wa mvuvi hata mashamba ya mpunga ya bonde la Ruzizi. Hutufikia karibu sote. Lakini walinzi wa mwili hawalingani.

Walinzi hao ni chembe nyeupe za damu. Zikigusa kuvu, habari hupelekwa ndani yake ili wenzake waitwe. Mjumbe mmoja wa habari hiyo madaktari wamemwita CARD9. Agizo la kumtengeneza tunalirithi mara mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Likiharibika moja, la pili latosha. Yakiharibika yote mawili, mjumbe hafiki, na kuvu hupenya ngozi hata ndani. Mwaka 2013 madaktari walieleza habari za wagonjwa 17 wa namna hiyo, wa jamaa 8 za Algeria, Tunisia na Moroko. Wanne walikufa kabla ya kufika miaka 40.

Wazazi wenye agizo bovu moja moja ni wazima, hawajui neno. Kwa kila mimba yao hatari ni 1 katika 4. Wakiwa watoto wa ndugu hatari hukaribia zaidi, maana huenda wote wawili walirithi ubovu ule ule kwa babu mmoja. Basi mama ana kosa gani?

Walakini usiseme upesi, "Ni ukoo." Ugonjwa huu wa kurithi ni wa nadra sana. Mara nyingi choa cha kichwani hakiponi kwa sababu watu hupaka mafuta tu, nayo hayafiki kwenye shina la nywele. Yahitajiwa dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa majuma mengi, na kila mtoto awe na wembe wake. Tena kisukari na virusi vya SIDA hudhoofisha walinzi hata kwa mtu aliyezaliwa mzima.

Ukiona uvimbe mgumu chini ya ngozi, au vidonda visivyofunga ingawa dawa imemezwa yote, mlete mtoto hospitali. Mwambie mwuguzi kama wazazi wana udugu, na kama mwingine wa ukoo aliugua vivyo hivyo.