Setilaiti ndogo zajaribiwa angani, mfanyabiashara asubiri faida

Teknolojia ya anga haiaminiki hadi ijaribiwe hukohuko juu. Mei 2018, Kituo cha Kimataifa cha Anga kiliachia 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kujaribu kamera. Rwanda ilifuata Novemba 2019 kwa RwaSat-1. Uganda, Desemba 2022, kwa PearlAfricaSat-1.

Vyombo hivyo huanguka na kuungua baada ya muda mfupi; kinachobaki ni ujuzi. Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, ya kupiga picha za ardhi.

Kwa anayenunua mahindi Uganda na kuyauza Kenya, ukame haugongi pasipoti mpakani. Picha za mashamba zitamfaa zikimfikia kabla hajalipa, si baada ya bei kupanda.