Kupanga si Kuchanga: Kosa la Mstari Mmoja katika Safu za JavaScript

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi, na hata waandishi wazoefu wa programu, hawachoki kuyauliza kuhusu safu za JavaScript, lipo moja lililokosewa tangu lilipoundwa: ni mstari gani mmoja unaoweza kuivuruga safu, ili maswali ya jaribio au majina ya washindani yatoke kwa mpangilio wa nasibu kila ukurasa unapofunguliwa? Anayeuliza hivyo huwa amekwisha kuamua kwamba jibu halipaswi kuzidi mstari mmoja, na kwa kuwa mtafuta njia ya mkato hakosi wa kumwelekeza, hupewa huu:

safu.sort(() => Math.random() - 0.5);

Mstari huu umenakiliwa kutoka programu moja hadi nyingine kwa miaka mingi, hautoi onyo lolote, matokeo yake huonekana yamevurugika, na ni mbovu.

Ubovu wake unaanzia kwenye kazi yenyewe ya sort, ambayo ni kupanga wala si kuchanga. Ili ipange, sort hukabidhiwa funksheni ndogo ya kulinganisha, ambayo huletewa vipengele viwili na kutakiwa kujibu kwa namba: hasi iwapo cha kwanza kinapaswa kutangulia, chanya iwapo kinapaswa kufuata, na sifuri iwapo hakuna kinachopaswa kumtangulia mwenzake. Sharti la msingi ni kwamba majibu hayo yawe thabiti, yaani swali lilelile likiulizwa mara ya pili lipate jibu lilelile, na iwapo A hutangulia B na B hutangulia C, basi A itangulie C. Mstari ule unamwondoa mlinganishaji mwaminifu na kuweka mahali pake shilingi inayorushwa hewani, kwa sababu Math.random hutoa namba kuanzia sifuri hadi karibu na moja, na namba hiyo ikishatolewa 0.5 huwa hasi au chanya kwa uwezekano ulio sawa. Ni sawa na kumpa mwenye duka mizani ambayo kilo ileile ya sukari huisoma kwa uzito tofauti kila inapowekwa, kisha kumtaka apange vifurushi vyake kuanzia chepesi hadi kizito. Kanuni rasmi za lugha, zinazojulikana kwa jina la ECMAScript, zinatamka wazi kwamba mlinganishaji asipokuwa thabiti, mpangilio utakaotokea utategemea injini ya kivinjari husika, na kwa hiyo anayeutumia mstari huo ameomba matokeo ambayo lugha yenyewe imekataa kuyadhamini.

Watetezi wa mstari huu husema kwamba nasibu ni nasibu, hata ikiingizwa kupitia mlango wa uani. Hesabu ya shule ya sekondari inatosha kuwajibu. Safu ya vipengele vitatu ina mipangilio 6, na uchangaji wa haki ni ule unaoupa kila mpangilio uwezekano wa moja ya sita. Kila mlinganisho katika mstari ule ni urushaji mmoja wa shilingi, na shilingi ikirushwa mara mbili hutoa njia 4, mara tatu njia 8, mara nne njia 16, na kuendelea hivyo. Hakuna hata moja kati ya namba hizo inayogawanyika kwa 3, sembuse kwa 6. Maadamu milinganisho ina kikomo, haiwezekani kabisa mipangilio 6 ikagawana njia hizo kwa usawa, iwe injini inapanga kwa ufundi wowote ule. Hoja hii inamaliza pia ile tiba ya kienyeji ya kuita sort mara mbili au mara tatu mfululizo ili safu iive, kwa kuwa shilingi zikiongezwa huongeza vipeo vya 2 tu, na kipeo cha 2 hakitagawanyika kwa 3 hata mstari ukirudiwa hadi Kiama.

Upendeleo unaozaliwa hapo si wa kupimwa kwa darubini. Ichukuliwe njia ya kupanga kwa kupachika, ambayo huchukua kipengele kimoja baada ya kingine na kukirudisha nyuma hadi kikutane na kinachopaswa kukitangulia. Katika safu ya A, B na C, kipengele C hulinganishwa kwanza na jirani yake wa kushoto, na kwa nusu ya uwezekano hubaki palepale mwishoni, ilhali haki yake ni theluthi. Jaribio likirudiwa mara 60,000, kila mpangilio ungestahili kutokea mara 10,000 hivi. Badala yake, mipangilio miwili inayoishia na C hutokea takriban mara 15,000 kila mmoja, na minne iliyosalia takriban mara 7,500 kila mmoja. Anayedai kwamba ameujaribu mstari wake na kuona unafanya kazi huwa ameufungua upya ukurasa mara tano au sita na kuridhika kwamba herufi zimehama, jambo ambalo halithibitishi chochote. Vilevile, kivinjari cha Chrome kilipobadilisha njia yake ya kupanga katika toleo la 70 mwaka 2018, upendeleo ulibadilika sura tu.

Kosa hili limewahi kuonekana hadharani, tena mahali ambapo haki ilikuwa ndiyo shabaha yenyewe. Mwanzoni mwa 2010, kufuatia makubaliano na Kamisheni ya Ulaya, kampuni ya Microsoft ilianza kuwaonyesha watumiaji wa Windows barani Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari, ambao ulitakiwa kuvipanga vivinjari 5 vikuu kwa nasibu ili kisiwepo cha kupendelewa. Mtaalamu Rob Weir alipoupima aligundua kwamba ukurasa ulipofunguliwa ndani ya Internet Explorer, kivinjari hichohicho cha Microsoft kiliangukia nafasi ya tano takriban nusu ya nyakati, badala ya moja ya tano, na chanzo kilikuwa sort iliyopewa mlinganishaji wa nasibu. Waliodhani kuna hila walikosea, kwa sababu hakuna mwenye hila anayejiweka mkiani, na Microsoft iliurekebisha ukurasa huo muda mfupi baadaye.

Njia sahihi ilielezwa na Ronald Fisher na Frank Yates mwaka 1938, wakati ilipokuwa kazi ya karatasi na kalamu, na Richard Durstenfeld akaiweka katika umbo la kompyuta mwaka 1964. Inaanza na kipengele cha mwisho, inakibadilisha nafasi na kimoja kilichochaguliwa kwa nasibu miongoni mwa vyote ambavyo havijapata nafasi, chenyewe kikiwemo, kisha inasogea hatua moja nyuma:

function changa(safu) {
  const nakala = safu.slice();
  for (let i = nakala.length - 1; i > 0; i--) {
    const j = Math.floor(Math.random() * (i + 1));
    [nakala[i], nakala[j]] = [nakala[j], nakala[i]];
  }
  return nakala;
}

Sehemu ya kuchunga ni ile i + 1, kwa sababu anayeiondoa na kuweka urefu wote wa safu hupata njia 27 kwa vipengele vitatu, nazo 27 hazigawanyiki kwa 6, akawa ameikimbia mvua na kuingia mtoni.

Kuhusu maswali mengine ya safu, maelezo mafupi yanatosha. Anayetumia maktaba ya Lodash atumie shuffle yake, ambayo inafuata njia hiihii. Kwa bahati nasibu ya fedha au kura yenye uzito, Math.random haifai hata ndani ya funksheni iliyo sahihi, kwa kuwa haikuundwa kwa usalama, na nafasi yake ichukuliwe na crypto.getRandomValues. Anayepanga namba asiiache sort bila mlinganishaji, kwani itazigeuza kuwa maandishi na kuweka 10 mbele ya 9; aandike (a, b) => a - b, na asirudishe kweli au si kweli mahali pa namba. Asiyetaka safu yake ya asili iguswe atumie toSorted, iliyoingia katika kanuni za 2023. Kuchuja ni kazi ya filter, kubadilisha kila kipengele ni ya map, kutafuta kimoja ni ya find, na kuuliza kama kitu kimo ni ya includes.

Funksheni ya kuchanga safu haimo katika JavaScript yenyewe, na asiyetumia maktaba kama Lodash hana budi kuiandika mistari ile minane. Msomaji ambaye programu yake bado ina sort yenye Math.random ndani yake aifute leo.