UKOGA WA MENO NA CHAKULA CHETU

Pitisha ukucha wako juu ya jino, karibu na ufizi. Sasa tazama ukucha. Ukiona utando laini, mweupe au wa njano, huo ndio ukoga. Kila mtu anao. Ukoga si mabaki ya chakula tu. Ni vijidudu vingi sana, vimeshikamana juu ya jino. Vijidudu hivi navyo vinakula. Chakula wanachopewa kwa wingi siku hizi ni sukari.

Vikila sukari hutoa asidi, yaani ukali kama wa ndimu. Kwa dakika chache tu asidi hiyo huanza kulainisha jino. Kisha mate huja kuiosha na kurudisha madini ndani ya jino. Kazi hiyo huchukua nusu saa, pengine hata saa nzima. Basi fikiri juu ya mtoto anayekunywa chai ya sukari asubuhi, akala pipi saa nne, akapata soda saa sita, kisha andazi la sukari saa nane. Mate yake hayapati nafasi. Jino hutoboka. Wako watu wanaosema jino hutobolewa na funza. Hakuna funza ndani ya jino.

Kwa hiyo usihesabu vijiko vya sukari peke yake. Hesabu pia ni mara ngapi kwa siku. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni bora sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Hizo ni kama vijiko vidogo 6. Vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, vimekwisha maliza. Majani ya chai yenyewe hayana ubaya. Kinacholeta matata ni sukari tunayotia.

Sasa tuje kwenye vyakula vinavyosaidia. Hapo bwana shamba nina la kusema, maana vingi viko nyumbani kwako.

Jino limejengwa kwa madini ya chokaa, ambayo wataalamu huyaita kalsiamu. Si chokaa ya kupaka ukuta! Madini haya yamo kwa wingi katika maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi. Maziwa mgando pia yanayo, usiyatie sukari. Asiye na ng'ombe asikate tamaa. Dagaa huliwa wazima pamoja na mifupa yao, na ndani ya mifupa hiyo mna madini yale yale. Ili mwili uyatumie madini hayo unahitaji vitamini D. Hiyo mwili huitengeneza wenyewe ngozi ikipata jua.

Ufizi nao una chakula chake, yaani vitamini C. Mtu akiikosa kwa muda mrefu hupata ugonjwa wa kiseyeye, na ufizi huvimba na kutoka damu. Tunda linaloshinda hata chungwa kwa vitamini hii ni pera. Mapera huoza chini ya miti yetu, nasi tunatoa fedha kununua pipi! Papai ni zuri pia. Ubuyu nao ni mzuri, lakini ule wa mtini. Ubuyu wa dukani uliopakwa rangi na sukari ni pipi nyingine tu.

Mtoto akilia njaa kati ya mlo na mlo, mpe karanga za kukaanga akiwa mkubwa wa kutosha kuzitafuna vizuri. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, zaweza kumkaba. Mtilie karanga za kusaga katika uji, au maziwa, badala ya sukari. Wala asilale na chupa ya uji mtamu mdomoni. Usiku mate hupungua, na vijidudu hufanya kazi mpaka asubuhi.

Lakini tusidanganyane. Hakuna chakula kinachoondoa ukoga uliokwisha shika. Ukoga huondolewa kwa mswaki, uwe wa dukani au wa mti, mara mbili kwa siku. Dawa ya meno iwe yenye floridi, maana floridi hukaza jino. Ukoga ukiachwa huwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauuwezi. Ni mtaalamu wa meno tu anayeweza kuukwangua.

Neno moja kwa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida. Katika sehemu nyingi za huko maji ya kisima yana floridi kupita kiasi, na meno ya watoto hupata madoa ya kahawia. Madoa hayo si ukoga. Msimsugue mtoto kwa mchanga wala kwa mkaa. Ulizeni kwa watu wa maji kama kuna chanzo kingine karibu, na maji ya mvua yavuneni kwa ajili ya watoto.

Meno ya utotoni ni 20. Magego ya kwanza ya ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni ya utotoni, huyaacha yaoze. Mtoto wako akifika umri huo, mwambie afumbue kinywa juani, uyatazame.