Aniceti Kitereza, Mwandishi wa Ukerewe

Ninyi mkaao Rukuba, na ninyi wa Musoma na Majita, mwaijua Ukerewe kwa mitumbwi na kwa samaki. Leo twapenda mwijue kwa jambo jingine. Katika kisiwa hicho mtu mmoja aliandika hadithi ndefu mno kwa Kikerewe, lugha ya watu wachache, kisha akangoja miaka 35 ipigwe chapa.

Mtu huyo ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisoma katika shule ya misioni ya Kagunguli, halafu akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini, Kiyunani na Kijerumani. Hakuwa padre, alirudi kwao, na mwaka 1919 akamwoa Anna Katura.

Mbele ya macho yake mila za zamani zilikuwa zikififia. Vijana walikwenda shule, wazee walikufa, na yale waliyoyajua wazee yalikwenda nao kaburini. Kitereza aliona kwamba kuyaandika kama orodha ya desturi hakutoshi, maana nani atapenda kusoma orodha? Ndipo akatunga hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Alipoimaliza ilikuwa mwaka 1945.

Hao wawili wanapendana sana, walakini hawana mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao, na Myombekere hana budi kupika pombe ya ndizi na kuwapelekea wakwe ili arudishiwe mke. Hapo mwandishi hana haraka hata kidogo. Msomaji anafundishwa namna pombe itengenezwavyo, namna wakwe waamkiwavyo, jinsi mgeni anavyokaribishwa, na dawa za waganga. Pengine utachoka, lakini ukivumilia utaona kwamba umekaa katika nyumba ya Mkerewe wa kale, ukala naye na kulima naye. Mwishowe wanapata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali.

Yafaa tuseme kwamba Kitereza hakuyatoa mbali maumivu ya Myombekere. Yeye na Anna hawakubahatika kumwona mtoto wao akikua. Hata hivyo hakumwacha mkewe, kama Myombekere asivyomwacha wake.

Kwa nini basi kitabu kikakaa sandukuni? Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, na kupiga chapa kitabu kinene ni gharama kubwa. Tena, tangu mwaka 1930 ilikuwapo Kamati ya Lugha iliyokuwa ikisanifisha Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, na vitabu vya shule vilielekea huko. Padre mmoja, Almas Simard, alimtia moyo sana Kitereza, walakini chapa haikupatikana. Sisi hatuwalaumu waliochagua lugha moja ya kuwaunganisha watu. Lakini twaona kwamba uchaguzi huo ulikuwa na bei yake, na mzee huyu alikuwa mmoja wa walioilipa.

Basi, akiwa amekwisha kupita miaka 70, Kitereza alikaa chini akakifasiri kitabu chote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Fikirini kazi hiyo, kuandika upya mamia ya kurasa katika uzee! Kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwaka 1981 Kitereza alifariki, kabla nakala hazijamfikia.

Baadaye Wilhelm Möhlig alikifasiri kwa Kijerumani. Tena Gabriel Ruhumbika, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe kama Kitereza, alizirudia kurasa zile za Kikerewe akazifasiri kwa Kiingereza, na kazi yake ikatolewa Dar es Salaam mwaka 2002 na Mkuki na Nyota.